Jina la Askari Tshiamala

Filimbi ya bendera ilipolia, mtoto aliacha kunyonya.

Mara ya kwanza Florentine hakulitilia maanani. Kituo cha polisi kiko hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake, pale Manika, Kolwezi. Kila asubuhi saa moja na nusu, na kila jioni saa kumi na mbili, filimbi hulia, bendera hupanda au kushuka, na kila aliye barabarani husimama wima: mwenye baiskeli, muuza mkate, hata mlevi. Anayejifanya hakusikia hukiona kilichomtoa kanga manyoya. Lakini mtoto wa siku tisa hana habari na serikali. Huyu wake aliachia titi, akanyoosha miguu mpaka visigino vikagusana, mikono ikashuka ubavuni, macho yakatazama mbele bila kupepesa. Akakaa hivyo hivyo mpaka filimbi ya pili ilipowaruhusu watu kwenda zao. Kisha akarudi kunyonya.

"Angalia ile," alimwambia mumewe. "Mutoto iko garde-à-vous."

Ruffin, dereva wa lori la Dilolo, alikuwa akifunga viatu aende safari. Alicheka mpaka akakohoa.

"Njo damu ya askari. Si weye njo ulimupatia jina ya nkambo?"

Ndiyo, jina hilo la babu alimpa yeye, kwa kinywa chake mwenyewe, na hapo ndipo balaa lote lilipoingilia.

Babu yake Florentine aliitwa Kabasele. Alikuja huku Katanga kutoka Kasai miaka ya arobaini, vita vya wazungu vikiwa vinaisha, akaajiriwa mgodini. Kabla ya hapo alikuwa askari wa wakoloni, akatembea kwa miguu mpaka Abisinia na kurudi. Jambo hilo familia ililisimulia kila Krismasi, na kila mwaka lilinenepa kidogo. Aliyelisimulia vizuri kuliko wote alikuwa Mzee Philippe, mwanawe Kabasele, baba yake Florentine.

Huyu Philippe alimlea binti yake peke yake. Mama alikufa Florentine akiwa na miaka sita, na ndugu wote wakamshauri mzee aoe, akakataa. Alimsuka nywele yeye, vibaya, shule nzima ikacheka. Alimbeba kwenye baiskeli mvua ikinyesha, yeye kalowa, mtoto kafunikwa koti. Kwa hiyo Florentine alimwamini baba yake kama mtu anavyoamini sakafu ya nyumba yake. Nani hukanyaga sakafu yake kwa kuipima?

Mwaka mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa, miguu ya Mzee Philippe ilianza kufa. Ilikuwa saa za bendera hasa. Alisema ni kama mtu kamsimamia juu ya nyayo, mtu mzito. Akaanza na fimbo moja, zikawa mbili. Hospitali walipiga picha, wakatazama, wakampa dawa ya maumivu. Ndipo siku moja alipofungua sanduku la bati la marehemu babu, akatoa kisahani cha shaba kilichochongwa nambari.

"Hii njo matricule ya baba yangu," alisema. "Mule mu armée bazungu balikuwa banaandika majina vile banapenda. Yeye balimwandika Tshiamala. Tafuta faili yake, mama. Mi nataka kuiona mbele sijakufa."

Alimwita binti yake "mama", kama wazee wengi wa kwetu. Na mama akatafuta. Binamu yake Naomie anaishi Ubelgiji. Alikwenda kwenye ofisi wanakohifadhi makaratasi ya jeshi la zamani, akaandika barua, akangoja miezi minne, akatuma picha moja kwa simu. Ilikuwa jalada la faili. Nambari ni ile ile ya kisahani. Jina: Tshiamala. Mzaliwa wa Kasai, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Florentine, mimba ya miezi saba ikimlemea, alilia kwa furaha pale pale kwenye kiti cha baba yake.

"Tata, mutoto akitoka mwanaume, atabeba ile jina."

"Sema tena," alisema mzee, "jirani basikie."

Akasema tena, jirani wakasikia. Mzee akainamisha kichwa. "Weye njo umesema," alijibu.

Kwa Waluba wa Kasai kama wao, jina si kibandiko cha kumtofautisha huyu na yule. Ukimpa mtoto jina la marehemu, umemwita marehemu huyo, umemfungulia mlango, umemkalisha. Ndiyo maana watu huuliza kwanza alikuwa mtu gani, na alikufaje. Florentine hakuuliza. Aliona nambari na muhuri, akadhani muhuri unatosha.

Siku ya nane mtoto alipakwa udongo mweupe kwenye paji la uso, mchungaji akaomba, watu wakasema amina. Na Mzee Philippe akaegemeza fimbo zake zote mbili ukutani, akatembea. Akatembea uani kusalimia wageni mmoja mmoja, akiinua magoti kama kijana! Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Florentine alisema mbele ya wote kwamba babu amefurahi, ameleta baraka.

Jambo moja tu aliliona, akalipuuza. Mzee hakumbeba mtoto. "Mikono yangu haiyapata nguvu," alisema, na muda si muda akainyanyua benchi ya mbao peke yake, akaihamishia kivulini.

Baada ya ile filimbi ya siku ya tisa, haikupita siku bila jambo. Ilianza harufu. Mchana, jua likiwa juu ya mabati, chumba cha mtoto kilinuka blanketi lililolowa na mafuta ya kusafishia bunduki. Florentine hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, lakini alijua ni hayo kama vile mtu ajuavyo harufu ya damu bila kufundishwa. Alifua kila kitu, hata pazia. Harufu ikabaki. Kisha zikaja nyayo: miguu mitupu, mizito, ikipiga ardhi ngumu ya ua kwa mpigo mmoja, moja-mbili, moja-mbili, ikizunguka nyumba na kusimama chini ya dirisha la mtoto. Alitoka mbio na mwiko mkononi. Uani kulikuwa na kuku wake na nguo kambani, basi.

Mtoto hakulia tena. Jirani walimsifu: mutoto wa heshima, hasumbui. Lakini zahanati walipompima walipima mara mbili, kisha muuguzi akabadilisha mizani. Ananyonya, anapungua. Wiki ya tatu alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa, na muuguzi akasema akiendelea hivi hatamaliza mwezi.

Na siku moja, saa sita za mchana, redio za jirani zote zikiwa zimezimika kwa kukatika umeme, Florentine alikuwa amemweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anampitishia sabuni shingoni, mkono mmoja chini ya kichwa chake, na alipokuwa akimwimbia wimbo wa kanisani ili ajisahaulishe ile harufu iliyokuwa imeanza tena kupanda kutoka kwenye maji yenyewe, aliona juu ya nyusi ya kushoto ya mtoto mstari mweupe, mwembamba, ambao jana haukuwapo, akaupitishia kidole akidhani ni povu, ukabaki, na macho ya mtoto yakageuka yakamtazama, si kama mtoto atazamavyo sura ya mama yake akitafuta mdomo na pua, bali kama mtu mzima aliyesubiri muda mrefu mlangoni, na kinywa kile kisicho na jino kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanaume, ya kukwaruza, kwa Kiluba cha zamani:

"Kabasele udi penyi?"

Kabasele yuko wapi. Florentine alisikia vizuri. Alimtoa mtoto kwenye maji, akamfunga kitenge, akaketi naye sakafuni, sabuni ikimkaukia mikononi.

Jioni ile ile ujumbe wa sauti wa Naomie uliingia, pamoja na picha za kurasa.

"Flore, ikaa kwanza chini," ilisema sauti ya Naomie. "Faili ilikuwa na kurasa zingine. Balinitumia leo. Tshiamala hakuwa nkambo yetu. Soma yote, kisha unipigie."

Alisoma. Kifaransa cha maofisa ni kikavu, lakini kilieleweka. Tshiamala, askari, mmoja wa walioasi kambini Luluabourg, kule Kasai, mwaka wa arobaini na nne. Alikimbia. Alifichwa siku tisa nyumbani kwa askari mwenzake na rafiki yake, aitwaye Kabasele, mwenye nambari nyingine kabisa. Siku ya kumi alikamatwa kwa taarifa ya huyo huyo Kabasele. Alipigwa risasi. Na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino: Kabasele aachiliwe jeshini, apewe barua ya kazi migodini Katanga.

Kwa hiyo nyumba yao, shule yao, Krismasi zao zote za Abisinia, zilijengwa juu ya mtu aliyeuzwa. Florentine alimpigia baba yake.

"Tata, Naomie ametuma makaratasi ingine."

"Ni bongo, ni uwongo ya bazungu," alijibu mzee upesi. "Usisome."

Hakuuliza makaratasi gani. Alikata simu kwanza.

Asubuhi Florentine alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa Mama Mushiya, mganga mzee wa Kikasai anayekaa nyuma ya soko, mwenye kuwajua bakishi, yaani mizimu ya wafu, kwa majina yao. Mama Mushiya hakumwambia keti. Alimtazama mtoto, akashusha macho.

"Weye njo binti ya Philippe," alinong'ona. "Nilikuwa nakungoja."

"Mama ananijua?"

"Tata yako alikuyaka hapa mwaka ilipita, na fimbo mbili. Nilimwambia kweli yote. Yule Tshiamala, mule mwenye balimufichaka, aliomba kintu moja tu. Alimupatia Kabasele kile kisahani chake, akamwambia: nikikufa, upatie mwana yako jina yangu, nirudie mu batu. Kabasele aliapa. Halafu akamutoa ku bazungu. Akakuya huku, akazala batoto sita, na hata moja hakubeba ile jina. Aliogopa kuiita kila siku mu nyumba yake. Sasa mufu alichoka kungoja inje."

"Na tata alijua?"

"Baba yake alimwambia mbele ya kufa."

Florentine alishika nguzo ya mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulimwambia afanye nini, mama?"

"Nilimwambia: beba ile jina weye mwenyewe. Weye uko muzee, itaikala na weye, ukienda itaenda na weye, kwisha. Aliniangalia sana. Kisha akauliza kama mutoto muchanga anaweza kuibeba." Mama Mushiya alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilinyamaza. Nilipashwa kumufukuza na mufagio, na nilinyamaza. Ile ni makosa yangu."

Florentine alilia, na hakulia kwa hofu. Hofu alikuwa nayo tangu wiki tatu, alishaizoea. Alilia kwa sababu ya baiskeli, na koti, na zile nywele zilizosukwa vibaya. Mtu aliyelowa ili yeye asilowe ndiye aliyemkalisha kwenye kiti, akamwekea nambari mkononi, akamwambia sema tena, jirani wasikie. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema hicho cha nguoni kinaweza kuwa baba.

"Imebakia siku ngapi?" aliuliza.

"Siku mutoto ataitika 'présent', 'niko hapa', na kinywa yake, ile saa ya bendera, mwana yako atakuwa ameenda. Atabakia askari tu. Pengine juma moja. Pengine kesho."

"Itoshe ile jina, iondoe mu mwana yangu."

"Jina haitupwake. Inahama. Na inahamia mu damu ya Kabasele tu." Akamsogelea sikioni. "Chukua kuku ya nyumba yako. Paka mutoto tena udongo mweupe, uipanguze na maji, upatie kuku maji ile akunywe, uiite kuku kwa ile jina. Uchinje, upike. Mwenye atakula firigisi kwa kupenda kwake, njo mwenye jina. Lakini usimudanganye na kinywa. Akikuuliza, umujibu. Na ujue, mwana yangu, weye njo utaikala na ile."

Kwa Mluba, firigisi ya kuku ni ya baba. Haikatwi vipande, haipewi mgeni, haionjwi jikoni. Ndoa zimevunjika Kasai na Kolwezi kwa sababu ya firigisi iliyopotea sufuriani. Binti aliyeolewa akimpelekea baba yake firigisi, akapiga magoti, hiyo ni heshima ambayo hakuna mzee aliyewahi kuikataa.

Saa kumi na moja za jioni Florentine aliingia uani kwa baba yake, mtaa wa pili kutoka kituo cha polisi, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mzee Philippe alikuwa akitia mpini jembe, amechuchumaa kwa miguu yake mizima. Alipomwona alisita. Alitazama uso wa binti yake kwa muda, akitafuta kama amesoma au hakusoma. Florentine alipiga magoti.

"Nilikuletea kuku, tata."

"Eh, mama! Na Ruffin?"

"Iko Dilolo."

Alimwekea mezani bukari, yaani ugali, akamnawisha mikono. Mtoto mgongoni alikuwa mwepesi kama kitenge kilichokunjwa, na Florentine alihisi kichwa chake kikigeuka, kikimfuata mzee kila alikokwenda.

"Mutoto anapunguka, tata," alisema. "Ku hôpital banasema hatamaliza mwezi."

Mungu anajua alitaka nini wakati ule. Alitaka mzee avunjike. Alitaka amwambie, mwanangu, nilikukosea, niliogopa kufa. Angeimwaga sufuria yote mchangani, wangetafuta njia nyingine pamoja, hata kama hakuna.

Mzee Philippe alifuta vidole, kimoja kimoja.

"Mungu anapatiaka, Mungu anakamataka," alisema. "Weye ungali kijana. Utazala mwingine."

Florentine aliisogeza sahani, firigisi ikawa mbele ya mkono wa kulia wa baba yake.

Aliitazama. Macho yakamlowa kweli kweli. "Tangu mama yako alikufa, hakuna mutu ananipatiaka hii na magoti chini. Weye njo hukunitupa."

Akaila. Aliitafuna upande wa kushoto, penye meno mazuri, polepole, na hakuuliza kitu.

Filimbi ikalia. Florentine alijikaza, akisubiri miguu midogo inyooke mgongoni mwake, na badala yake alisikia joto likimshukia kiunoni, mtoto amekojoa, kisha kilio, kilio kikubwa, kibaya, cha mtoto mwenye njaa, na mbele yake kiti kikaanguka kwa sababu mzee alikuwa amesimama, si kwa kutaka, maana mikono yake ilishika meza ikajaribu kujirudisha chini na meza yenyewe ikainuka naye, na harufu ya blanketi bichi na mafuta ya bunduki ikajaa uani, na miguu mitupu ikaja kutoka barabarani, moja-mbili, moja-mbili, ikapita karibu naye hata akahisi upepo wake kwenye shavu, ikaenda kwa baba yake, ikasimama pale aliposimama yeye, mahali pale pale.

"Flore," alinong'ona mzee. "Umenifanya nini?"

"Kile ulimufanya mwana yangu, tata."

Visigino vyake vikagongana. Kinywa chake kilikuwa kinakataa, midomo imebanwa mpaka ikawa myeupe, lakini sauti ilipita.

"Présent!"

Sasa imepita miezi mitano. Mtoto amenenepa, ana meno mawili. Bado hana jina. Ruffin amependekeza matatu, na kila mara Florentine anasema tungoje. Mzee Philippe naye watu wanamsifu. Anafagia ua kabla jua halijatoka. Anasimama wima saa za bendera hata akiwa peke yake nyumbani. Wanasema uzee umemtuliza. Florentine anampelekea chakula kila mchana, na huyo anayekipokea ni mwungwana kuliko baba yake alivyokuwa: anashukuru kwa mikono miwili, anauliza habari za mtoto, hana neno naye.

Juzi alikuwa ameketi akila, redio ya kwaya ikiimba juu ya kigoda. Katikati ya tonge mkono ukasimama. Uso haukubadilika, macho yalibaki kwenye sahani, lakini kutoka ndani kabisa ya kifua kile ikaja sauti nyingine, ndogo, ile iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule.

"Flore. Mama. Huku ni giza. Unitoshe inje."

Florentine alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio, akamngoja amalize kula ili abebe sahani.